Shingo na mabega kwa sisi tunaokaa kutwa kazini: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Amu (Lamu)

Mimi ni fizio, yani yule mnayemwita daktari wa mazoezi. Watu wananisimamisha pale uwanjani Mkunguni, wananiuliza ndani ya boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, hata arusini mtu ananishika mkono ananivuta pembeni anionyeshe bega. Maswali mengi ni yaleyale na majibu ya kusimama njiani huwa hayatoshi, kwa hiyo nimekaa nikayaandika hapa kwa urefu, mtu asome kwa nafasi yake na amtumie mwenzake.

Kazi yangu ni kukaa tu, sibebi chochote, mbona shingo yaniuma kuliko mchukuzi wa gatini?

Manake na wewe unabeba. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5 hivi. Kikikaa sawa juu ya mabega, ile mifupa 7 ya shingo ndo inakibeba na misuli inasaidia kidogo tu, lakini ukiinama mbele misuli ya nyuma ya shingo inabidi ikishikilie kisianguke. Chukua dumu la maji la lita 5 ulikumbatie kifuani, utakaa nalo hata robo saa, kisha lishike kwa mkono mmoja uliounyoosha mbele uone kama utamaliza dakika. Maji ni yaleyale. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo kule Marekani alipiga hesabu kwa kompyuta akapata kwamba kichwa kilichoinama digrii 60, ambayo ndo ile ya mtu anayesoma simu mapajani, kinailemea shingo kama mzigo wa kilo 27. Ni hesabu ya kompyuta, haikupimwa kwenye shingo ya mtu aliye hai, lakini yatosha kukuonyesha mambo yanaelekea wapi.

Na jambo la pili ndo kubwa zaidi. Mchukuzi anakaza, anatua, ananyoosha mgongo, anataniana na wenzake, anarudi. Kila akitua damu inapita kwenye misuli. Wewe msuli wa bega umeukaza toka saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri na hujaulegeza hata mara moja, na msuli uliokazwa muda mrefu haupati damu vizuri, basi unachoka, unauma, mwisho unafanya mafundo. Papasa hapo kati ya shingo na bega, wengi wenu mtalisikia fundo kama kokwa la ubuyu.

Kwa hiyo shida ni mkao wangu mbaya? Mamangu alikuwa akinipiga mgongoni ati nikae wima.

Mama alikuwa na nia njema, na kukaa wima kunasaidia, lakini nimeona watu wanakaa wima kama askari wa gwaride na bado wanaumwa, manake wanakaa hivo masaa matano bila kusogea. Mwili haupendi kufungwa mahali pamoja, hata mahali penyewe pawe pazuri. Ningekwambia uchague jambo moja tu katika ukurasa huu wote, lingekuwa hili: kila nusu saa badilisha, simama, tembea hatua ishirini, inua mikono, kisha rudi kazini. Dakika moja yatosha. Aliyekaa kombo lakini anainuka kila mara, mimi simwogopei kama ninavyomwogopea aliyekaa vizuri akasahau kuinuka.

Anayeswali kazini tayari anainuka adhuhuri na alasiri, hilo ni jema, lakini kati ya saa mbili asubuhi na adhuhuri kuna masaa manne na zaidi, na hapo ndo shingo nyingi zinapoharibika.

Mimi nashona kofia, nakaa chini kwenye jamvi. Mambo yote ninayosoma ni ya viti vya ofisi na kompyuta. Sisi je?

Swali hili nalipenda kuliko yote na linaniuma kidogo, manake ni kweli sisi wataalamu tunazungumza kama vile kila mtu ana meza. Hapa Amu wanaoinama kutwa ni washona kofia, wapaka hina, wasuka mikeka, wachonga milango, mafundi cherehani, na watoto wa chuo cha Qur'ani pia.

Kuna dada mmoja, umri wake miaka arubaini na kitu, anashona kofia za vito. Mnajua kazi ile, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kofia moja yaweza kuchukua miezi. Alikuja kwangu akasema shingo imekaza kiasi kwamba akitoa salamu mwisho wa sala hawezi kugeuza kichwa, anageuza mabega mazima. Nkamwambia nitakuja nikuone ukifanya kazi. Nilikaa naye saa nzima kwao. Ameegemea ukuta, miguu kainyoosha, kofia iko juu ya goti, na kichwa kimeinama mpaka kidevu kinakaribia kifua, ila anakisukuma mbele kama anayechungulia kisimani. Saa nzima aliinua kichwa mara mbili, mara moja mtoto alipolia, mara ya pili muadhini.

Nkachukua mito miwili migumu nkamwekea mapajani ili kofia ipande juu shubiri moja na nusu. Akashona dakika mbili, kisha bila kujijua akaisukuma kofia mbali tena mpaka magotini. Nkairudisha, akaisukuma. Hapo ndo nkafahamu kwamba shingo haikuwa na kosa, ni macho. Mtu akishapita arubaini macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu, kwa hiyo anaviweka mbali, na kwa anayeshona chini mbali ni magotini, basi shingo inafuata. Akaenda kupimwa macho, akapata miwani ya kusomea, na kofia ikakaa kifuani yenyewe bila mimi kumwambia.

Mengine tuliyoongeza ni madogo. Alihama kutoka chumba cha ndani akaja kukaa kiwandani, yani kwenye ua wa ndani ya nyumba, penye mwanga. Nyuma ya kiuno akaweka khanga iliyokunjwa. Na kwa sababu hana saa ya kumkumbusha tukakubaliana kwamba kila uzi wa sindano ukiisha, kabla ya kutunga mwingine anaweka kofia chini, anasimama, anazungusha mabega nyuma mara kumi. Na mazoezi, nitayaeleza chini. Baada ya wiki sita hivi akanitumia ujumbe wa sauti ananiambia sasa anatoa salamu kulia na kushoto kama watu.

Kwa wapaka hina: muinue mteja, usijiinamishe wewe. Mkono wa bi arusi uwekwe juu ya mto juu ya meza ndogo, na kwa miguu yeye akae kitini wewe chini, mguu wake uwe juu ya kigoda. Wachongaji, ubao unaolala chini sakafuni ndo unaowamaliza, uwekeni juu ya magogo mawili kila inapowezekana, na mkono unaopiga nyundo usipande juu ya bega.

Sawa, na sisi wa ofisini tunaovuka Mokowe? Nipangeje meza?

Kwa kifupi: miguu ifike chini, isipofika weka boksi au katoni la karatasi. Viwiko vikae karibu na mbavu vikiwa vimejikunja kama digrii 90, mabega yakiwa yameshuka. Kama meza iko juu sana mabega yatapanda yenyewe kuelekea masikioni na utakaa hivo kutwa bila kujua, hili ni kosa ninaloliona sana kwenye meza zile za mbao nene. Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini kidogo, mbali na wewe kama urefu wa mkono. Mausi iwe karibu, usiifuate mbali, manake bega la mkono wa mausi ndo linalokuja kwangu kila wiki.

Laptopu ni balaa yake peke yake. Kibodi na skrini vimeshikana, kwa hiyo ukiweka mikono vizuri shingo inaumia, ukiinua skrini mikono inaumia. Dawa yake ni kibodi ya kando na mausi ya kando, halafu laptopu unaipandisha juu ya vitabu. Na hapa nataka niwakumbushe kitu, wazee wetu hawakusoma Qur'ani ikiwa sakafuni, waliiweka juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu. Ni kwa heshima, naam, lakini na shingo ilifaidika. Nenda kwa seremala yeyote hapa mjini mwambie akuchongee kibao cha mfano ule kwa ajili ya laptopu, ataelewa bila kuchorewa.

Wenye kuvaa miwani yenye sehemu mbili, chunguza kama unainua kidevu ili usome skrini kwa sehemu ya chini. Ukiwa hivo shusha skrini.

Simu je? Nikitoka kazini ndo mapumziko yangu, kwenye daka, yani baraza la mlangoni, na simu.

Hapo shingo haijapumzika, imebadilisha ofisi tu. Inua simu ije usoni, mkono ukichoka uegemeze kiwiko kwenye mto au kwa mkono mwingine. Ujumbe mrefu tuma kwa sauti. Na usibane simu kati ya sikio na bega huku unaandika, hiyo naomba uiache leo, dada zetu wa maduka ya kutuma pesa wananisikiliza?

Nifanye mazoezi gani? Sina gym wala muda.

Gym haihitajiki. Kuna utafiti uliofanywa Denmark, ulitolewa mwaka 2011, walichukua watu 198 wa kazi za ofisini wenye maumivu ya shingo na mabega ya mara kwa mara, wengine wakavuta mpira wa mazoezi dakika 2 kwa siku, wengine dakika 12, siku 5 za wiki kwa wiki 10. Makundi yote mawili maumivu yalipungua ukilinganisha na wale ambao hawakuvuta. Dakika 2! Mimi tangu nisome ule sijamkubalia mtu aniambie hana muda.

Mpira wenyewe si lazima ununue wa dukani. Nenda kwa fundi baiskeli muombe tyubu kuukuu, ikate upate urefu wa kama mita moja na nusu au mbili, ioshe na sabuni ile poda itoke. Kanyaga katikati, shika ncha kila mkono, viwiko vimelegea kidogo, kisha inua mikono pembeni kama ndege anayefungua mbawa mpaka ifike usawa wa mabega, usipitishe hapo. Shusha polepole, kushusha kusiwe kuachia. Endelea mpaka misuli ichoke au dakika 2 ziishe. Mpira ukiwa mgumu sana shika karibu na ncha, ukiwa mwepesi shika chini zaidi.

Ukizoea ongeza la pili: funga tyubu kwenye nondo ya dirisha usawa wa kifua, vuta viwiko nyuma, na ukifika mwisho banisha makombe ya mabega, yani ile mifupa bapa ya mgongoni, kama unayetaka kuishika kalamu katikati. Hesabu tatu, achia taratibu. Mara kumi.

La tatu halihitaji kitu. Kaa, angalia mbele, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja kama mtu amekuletea kijiko cha shubiri mdomoni, usiinue wala usiinamishe kichwa. Shika hesabu tano, mara kumi. Litaonekana la kijinga na ofisini watakutazama, lakini lile linaiamsha misuli midogo ya mbele ya shingo ambayo kwa wengi wetu imelala.

Kunyoosha shingo, ile ya kuinamisha sikio kuelekea bega na kushikilia nusu dakika, ni nzuri, inaleta raha pale pale. Ila kunyoosha peke yake raha yake haikai, nguvu ndo inayokaa. Watu wengi wananyoosha miaka na miaka wanashangaa kwa nini maumivu yanarudi.

Siku za mwanzo misuli itauma kidogo, ni kawaida, kesho yake au keshokutwa inatulia. Maumivu makali ya kuchoma au ya kushuka mkononi si kawaida, simamisha, uje tuangalie.

Nauliza kuhusu mkono kufa ganzi, nahisi kama sindano sindano kwenye vidole. Ni shingo?

Yaweza kuwa shingo, yaweza kuwa kwengine. Mishipa ya fahamu ya mkono yote inatoka shingoni, inapita begani, kwenye kiwiko, kwenye kifundo cha mkono, na yaweza kubanwa popote njiani. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku ukakung'uta mkono ukapata nafuu, mara nyingi ni pale kwenye kifundo cha mkono. Kidole cha mwisho na jirani yake, tazama kama unaegemea viwiko kwenye meza ngumu kutwa. Ya shingo mara nyingi inakuja na maumivu yanayoshuka kutoka shingoni, inazidi ukiinua kichwa kutazama juu au ukikigeuza upande ule, na wengi wanapata nafuu wakiweka mkono juu ya kichwa. Mtu akiniambia analala na mkono juu ya kichwa ndo anapata usingizi, nusu ya kazi ya kuuliza imeisha.

Habari njema ni kwamba hata ya mshipa uliobanwa shingoni wengi wanapona bila kisu, kwa wiki au miezi. Lakini usikae nayo nyumbani kimyakimya, pimwa.

Ni wakati gani nisingoje?

Hapa someni taratibu tafadhali. Mkono unapoteza nguvu, vifungo vya kanzu vinakushinda, kikombe kinakuponyoka. Miguu yote miwili imekuwa mizito na ukitembea unayumba kama uko ndani ya mashua yenye wimbi. Mkojo au choo kinakutoka au kimegoma. Hizo ni dalili uti wa mgongo wenyewe unabanwa, nenda hospitali siku ileile.

Shingo iliyokakamaa pamoja na homa, kichwa kikali, mwanga unakuumiza macho: nenda sasa hivi, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Umeanguka kutoka juu ya mnazi au kwenye ngazi, au kichwa kiligonga chini ukichupa majini, halafu shingo inauma: usigeuzwe geuzwe wala kukandwa, letwa ulivyo shingo ikiwa imeshikiliwa.

Na bega la kushoto au taya linalouma pamoja na kifua kubana, jasho la baridi, pumzi fupi, hilo ni suala la moyo mpaka daktari aseme silo. Usijipake mafuta ukalala, na usingoje boti ya asubuhi.

Kuna na maumivu yasiyotulia hata ukilala, yanazidi usiku kila siku, na mwili unakonda bila sababu, au uliwahi kutibiwa saratani au kifua kikuu. Hayo si ya dharura ya saa ileile lakini wiki isipite.

Bibi anasema ni baridi yabisi, mume wangu anasema ni feni, jirani anasema nimetupiwa kitu. Nimwamini nani?

Baridi yabisi ya kweli, yani ugonjwa wa viungo, mara nyingi inavimbisha viungo, vidole na magoti, asubuhi unaamka umekakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Kama ni hivo basi bibi yuko sawa na daktari aangalie damu. Kama ni shingo na mabega tu, inaanza mchana kazini na inapungua Ijumaa ukiwa nyumbani, ni kazi.

Feni na upepo wa kusi: upepo wa baridi ukikupiga ukiwa na jasho misuli yaweza kukaza, wengi wanasema hivo na sina haja ya kubishana nao, geuza feni isipige shingo moja kwa moja. Lakini umekaa masaa manane umeinama, feni imekukuta tayari.

La kutupiwa kitu sitalicheka. Soma dua zako, kisha vuta na mpira wako.

Bega langu haliinuki kabisa, siwezi hata kufunga sidiria wala kuchana nywele.

Hii mara nyingi si shingo na kukaa. Kuna bega linaloganda, linaanza na maumivu makali, hasa usiku, kisha linakataa kusogea pande zote, hata mtu mwingine akikuinulia mkono haupandi. Linawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wote. Kwa hiyo mtu akija kwangu na bega la namna hii huwa nauliza kama alishapima sukari, na kuna waliogundua sukari yao kwa njia hiyo. Linachukua muda, miezi mingi, kwa wengine mwaka na zaidi, lakini kwa wengi linalegea. Usimruhusu mtu alivunje kwa nguvu.

Kinyozi wangu akimaliza ananikanda halafu anakata shingo, kwaa kulia, kwaa kushoto. Najisikia vizuri. Kuna ubaya?

Kukanda, mwache akukande. Kukata, nakuomba mkataze. Ile sauti si mfupa unaorudi mahali pake, ni mapovu ya hewa kwenye maji ya kiungo. Ndani ya mifupa ya shingo inapita mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo, na kichwa kikizungushwa ghafla kwa nguvu ukuta wa mshipa waweza kuchanika, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Si jambo la kila siku, ni nadra, lakini likitokea linamtokea kijana mzima aliyekwenda kunyoa tu. Kwa raha ya dakika kumi sioni kama inafaa.

Na kuumikwa, yani hijama, na kukandwa na mafuta?

Kukandwa na mafuta ya nazi au ya simsim yaliyopashwa moto kidogo ni kuzuri, kunalegeza, unalala. Kitambaa cha maji moto dakika 15 au 20 pia. Wale wa chumvi iliyokaangwa ikafungwa kwenye kitambaa, jaribu kwanza kwa ndani ya mkono wako, na mwenye kisukari au ganzi asiwekewe kabisa, nimeona ngozi zilizoungua bila mwenyewe kuhisi.

Kuumikwa kunawapa baadhi ya watu nafuu ya muda mfupi. Anayefanya kwa imani na kwa sunna simzuii. Ninachotaka ni wembe mpya unaofunguliwa mbele ya macho yako, vikombe visafi, na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au una upungufu wa damu usifanye bila kumuuliza daktari wako. Kisha ukitoka hapo, mpira.

Nachoma sindano ya maumivu kila wiki mbili dukani, inanisaidia sana.

Hapa nakuomba kama ndugu, acha. Diclofenac na ndugu zake ibuprofen ni dawa nzuri kwa siku chache, lakini kwa kurudiarudia zinachubua tumbo mpaka vidonda na kutokwa damu, zinaumiza figo, zinapandisha presha. Watu wetu wengi wana presha bila kujua. Ukizitumia kunywa umeshakula, dozi ndogo, siku chache, na mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo au mja mzito amuulize daktari kwanza. Na kama umefikia kuchoma kila wiki mbili, ile sindano inakuambia kuna kitu hakijatibiwa.

Nimepigwa eksirei Malindi, wameandika mifupa ya shingo imelika. Niache kazi?

Usiache kazi kwa ajili ya karatasi. Kuanzia miaka ya arubaini na kuendelea ukiwapiga picha watu wazima wasioumwa popote utakuta wengi wana mabadiliko hayohayo, ni kama mvi, ila za ndani. Picha inahitajika kukiwa na zile dalili nilizotaja juu. Nimeona mtu aliyekuwa akiinua ndoo vizuri, akasoma neno "imelika", kuanzia siku ile akaogopa hata kugeuza kichwa, na woga ule ukamkaza zaidi kuliko mfupa.

Mto?

Ukilala ubavu, mto ujaze nafasi kati ya sikio na bega ili kichwa kisining'inie wala kisipande. Ukilala chali uwe mwembamba zaidi. Ile mito ya sufi iliyoshindiliwa ikawa kama gogo, ifungue upunguze. Kulala kifudifudi shingo inageuka upande mmoja usiku kucha, jitahidi kuacha.

Nivae kola ya shingo?

Kwa maumivu ya kukaa kazini, hapana. Misuli itazidi kulegea.

Bosi anasema kiti ni kiti. Nifanyeje?

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama, afya na hali njema ya wafanyakazi wake kazini, na kuna nyingine ya mwaka huohuo ya fidia kwa walioumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Lakini usianze na sheria, anza na barua fupi ya heshima: tarehe maumivu yalipoanza, kazi gani inayazidisha, na unaomba nini. Omba kitu kidogo kinachowezekana, kibodi ya kando, boksi la miguu, ruhusa ya kusimama dakika moja kila nusu saa. Baki na nakala. Barua ikipuuzwa na hali ikizidi, ndo unakwenda kwa maafisa wa serikali wa usalama kazini.

Na mabosi mnaosoma hapa, karani anayeumwa shingo anakosea hesabu.

Itapona lini?

Shingo iliyoanza kuuma karibuni kwa wengi inapoa ndani ya wiki chache mpaka miezi miwili mitatu. Yenye miaka inakwenda polepole zaidi na huwa na siku za kurudi nyuma, hasa ukiwa na mawazo, usingizi mchache au oda nyingi za kabla ya Maulidi na Idi. Siku za kurudi nyuma si kuharibika upya. Punguza mpira kwa siku mbili, usiuache, kisha endelea.

Nikija kukuona nije na nini?

Nguo inayolegea begani, orodha ya dawa unazomeza hata za mitishamba, miwani yako kama unayo. Na uje na kazi yenyewe: kofia na sindano, laptopu, patasi, koni ya hina. Utakaa pale chini au kwenye kiti kama unavyokaa siku zote, ufanye kazi yako nusu saa, na mimi nitakaa kando nitazame.